Daktari wa VC mbili: mbona alikufa na madaktari wenzake wamemzunguka?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Ujiji, anasomea utabibu mwaka wa pili hapo Kigoma. Lilikuwa refu, nalifupisha:

"Shkamoo dokta. Darasani tumebishana mpaka tumenuniana. Mwalimu alitutajia daktari wa jeshi la Uingereza anaitwa Noel Chavasse, alipata Victoria Cross (VC, nishani kubwa kabisa ya ushujaa ya Waingereza) mara mbili kwenye vita ya kwanza ya dunia, akafa ana miaka 32. Mwenzangu anasema huyo alikuwa mjinga tu, daktari anasomeshwa miaka yote hiyo halafu anaenda kufia kwenye matope kama mbeba machela. Mi nasema shujaa. Nani yuko sahihi? Halafu alipigwa tumboni, akafikishwa hospitali, akafanyiwa opareshini, sasa alikufa kwa nini? Na huku kwetu wakati huo madaktari wa vita walikuwepo?"

Marahaba mwanangu, na mwakeye (salamu ya Kiha) kwa wote mlionuniana. Mi sio mwanahistoria, mi ni tabibu mstaafu, nimekaa wodi ya upasuaji na thieta miaka thelathini na kitu hapa Tabora, ila habari za madaktari wa vita nimezisoma tangu kijana mpaka mama watoto huwa ananiuliza kama kuna daktari hata mmoja ninayemjua aliye hai. Kwa hiyo nitakujibu kitabibu zaidi, na mwenzako nitamgusa kidogo, nawe nitakugusa.

Kwanza mjue mnayemgombania ni nani. Chavasse alizaliwa Oxford tarehe 9 Novemba 1884, pacha, yeye ndo Kulwa, Doto wake akiitwa Christopher akaja nyuma yake kwa dakika kama ishirini hivi, wamefanana mno. Baba yao mchungaji, mwaka 1900 akafanywa askofu wa Liverpool. Hao mapacha walikuwa wakimbiaji kwelikweli, Olimpiki ya London 1908 walikimbia wote wawili mita 400, wakaishia kwenye mchujo, Doto wa pili kwenye kundi lake na Kulwa wa tatu. Kusoma ndo Kulwa alikuwa mbele, alitoka Oxford 1907 na daraja la kwanza. Akasajiliwa udaktari 1912, akaenda kufanya kazi Royal Southern, hospitali moja ya Liverpool, chini ya bingwa wa mifupa anaitwa Robert Jones. Hilo jina la Jones liweke pembeni, tutalihitaji mbele.

1913 akajiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi, akapangiwa batalioni ya akiba ya Liverpool Scottish, wale wanaume wa kuvaa sketi. Vita ikaanza Agosti 1914, Novemba wakavuka kwenda Ufaransa. Alikuwa hajafikisha miaka miwili na nusu kazini tangu asajiliwe. Yani fikiria mtu aliyemaliza chuo mbele yenu miaka miwili tu.

Sasa hapa ndo mwenzako alipokosea, na ni kosa ambalo watu wengi wanalo. Anadhani Chavasse alikuwa na hospitali yake mahali akaiacha akakimbilia mstari wa mbele kutafuta sifa. Hapana. Jeshi la Uingereza lilikuwa linaipa kila batalioni daktari mmoja, batalioni ikijaa ni watu kama elfu moja, na huyo daktari kituo chake ni hukohuko kwenye mahandaki, mita mia chache tu nyuma ya watu wanaopigana, ndani ya shimo au chumba cha chini cha nyumba iliyobomoka au handaki walilomnyang'anya adui. Hapo hapasuliwi mtu. Anazuia damu, anafunga banzi, anachoma mofini, anaandika kadi, mgonjwa anabebwa kwenda kituo cha pili, halafu cha tatu, ndo anafika kwenye mahema yenye thieta na manesi kilomita kadhaa nyuma, halafu treni, halafu hospitali kubwa za pwani. Chavasse alikuwa ngazi ya kwanza kabisa ya hiyo safari. Ni kama wewe ukapangiwe zahanati ya mwisho kabisa ya wilaya halafu mtu akuulize kwa nini hukai hospitali ya mkoa. Kituo chako kiko hapo!

Na kazi kubwa ya daktari wa batalioni, ambayo hamna anayeipigia nishani, ni miguu, maji na vyoo. Nasema kweli. Watu walisimama kwenye maji ya baridi siku mbili tatu bila kuvua buti, mguu unavimba, unapoteza hisia, unageuka rangi, mwingine unaoza vidole. Dawa yake ni soksi kavu, mafuta, na mtu wa kuwavua buti kwa lazima awaangalie kati ya vidole. Maji ya kunywa lazima yatiwe klorini, yule wa kuangalia ni daktari. Choo kinachimbwa wapi, daktari. Nani kachanjwa homa ya matumbo nani kakwepa, daktari. Asubuhi foleni ya wagonjwa, na humo ndani kuna mgonjwa kweli na kuna mtegaji na kuna mtu ambaye mwili mzima lakini akili imeshachoka na mizinga, sasa wewe mwenye miaka 30 uwatenganishe ndani ya dakika tano kila mmoja.

Hili la miguu nalijua kwa mwili wangu. Mwaka 1984 nilikuwa JKT, kambi siitaji, masika ile iliyonyesha kama bomba limepasuka, buti nililopewa lilikuwa namba mbili zaidi na soksi ni jozi moja ambayo nilikuwa nafua usiku na kuivaa asubuhi ikiwa bado mbichi. Wiki ya pili visigino vikachubuka, wiki ya tatu mguu wa kushoto umevimba mtoki juu kabisa ya paja, natembea kama bata. Zahanati ya kambi waliniandikia aspirini na kunirudisha kwenye mchakamchaka. Aliyeniokoa ni koplo mmoja Mnyamwezi, mtu mzima, hajasomea chochote, alinikalisha kwenye gogo akanivua buti mwenyewe, akanusa mguu (akanusa!), akasema huyu hakimbii mpaka pakauke. Kila nikisoma habari za madaktari wa batalioni namwona yule afande ameinama na pua yake.

Basi. Juni 16, 1915 pale Hooge, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, batalioni yake ikatumwa kushambulia. Waliingia 542. Waliotoka bila jeraha walikuwa 142. Piga hesabu mwenyewe, halafu kumbuka daktari ni mmoja na hao wote aliwajua kwa majina na kwa miguu yao. Hapo alipata nishani ya Military Cross, hiyo watu hawaitaji siku hizi kwa sababu VC zimeifunika.

VC ya kwanza ni Guillemont, Agosti 9, 1916, kwenye vita ya Somme kule Ufaransa. Siku nzima alihudumia majeruhi mahali pa wazi adui anamwona. Usiku akazunguka kwa muda wa saa nne mbele ya mistari ya adui anatafuta walioachwa. Kesho yake akabeba na mwenzake mtu mwenye hali mbaya kama mita 450 chini ya mizinga, wakati wa kurudi akapigwa kipande cha kombora ubavuni. Mtu mwingine hapo angepumzika. Usiku huohuo akachukua watu ishirini waliojitolea, wakawatoa majeruhi watatu ndani ya shimo la bomu lililokuwa mita ishirini na kitu tu kutoka handaki la adui, akazika maofisa wawili, akakusanya vibati vya majina vya waliokufa. Nishani ilipotangazwa Oktoba walimhesabia watu kama ishirini walioumia vibaya aliowaokoa.

Hivyo vibati vya majina msivipite haraka. Alivikusanya ili mama wa mtu kule Liverpool ajue mwanae amekufa, asikae miaka anasubiri mlango ugongwe. Huo nao ni udaktari, ingawa hauko kwenye silabasi yenu.

Sasa swali lako la tatu nalijibu hapahapa kwa sababu tarehe zinakutana. Agosti 1916 wakati Chavasse anatambaa Guillemont, Kigoma yenu ilikuwa imeshachukuliwa na Wabelgiji kama wiki mbili nyuma, na Mjerumani mwishoni mwa Julai alikuwa ameizamisha kwa mkono wake meli ya Götzen baada ya kuipaka injini grisi isioze, ndo hiyohiyo mnayoiita Liemba. Wiki sita baadaye, Septemba 19, Wabelgiji wakaingia hapa Tabora baada ya mapigano makali huko Lulanguru na Itaga. Serikali ya Mjerumani ilikuwa imehamia hapa, mpaka sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo zilifyatuliwa hapa kwenye karakana ya reli. Kwa hiyo ndio, madaktari wa vita walikuwepo, wa Kijerumani, wa Kibelgiji, na upande wa Waingereza kulikuwa na Dokta Hanschell aliyekuja na zile boti mbili, Mimi na Toutou, zilizoburutwa nchi kavu kutoka kusini mpaka ziwa Tanganyika 1915. Huyo yeye alirudi kwao akazeeka.

Ila vita ya huku haikuwa ya mizinga sana, ilikuwa ya tumbo na damu, yani kuhara na malaria. Kuna batalioni moja ya Afrika Kusini, ya 9, ilianza Februari 1916 na watu 1,135, kufika Oktoba wenye afya ya kusimama walikuwa 116, na risasi haikuwa ndo sababu kubwa. Mjerumani alivyozibiwa bahari akaanza kujitengenezea kwinini kwa magome kutoka Amani kule Usambara, chungu isiyosemeka. Na wapagazi ndo wasiseme, waliobebeshwa upande wa Waingereza peke yake makadirio mengi ya waliokufa yanapita 90,000, kuhara damu, nimonia, njaa, funza miguuni mpaka mtu hawezi kukanyaga. Kariakoo ya Dar jina lake limetokana na hicho kikosi cha wapagazi, watu wanaenda kununua nguo pale hawajui. Hao wapagazi hawakuwa na daktari mmoja kwa kila watu elfu. Wangepata nusu ya yule mtu wa kukagua miguu na maji, hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Ndo maana mi nikisikia jina la Chavasse nafikiria soksi kabla ya nishani. Nishani ni ya siku mbili Guillemont, soksi ni za miaka karibu mitatu.

Twende kwenye kifo chake.

Julai 31, 1917 ikaanza vita ya tatu ya Ypres, ile ya Passchendaele, na mchana huohuo mvua ikaanza kunyesha. Udongo wa kule ni mfinyanzi na mizinga ilikuwa imeshavunja mitaro yote ya kutoa maji, ikawa majaruba ya mpunga ila ya damu. Machela ambayo kawaida inabebwa na watu wawili ikataka sita, nane, na wao wenyewe wanazama mpaka magotini. Kituo chake kilikuwa kwenye handaki walilowanyang'anya Wajerumani karibu na Wieltje. Siku ya kwanza tu alipigwa kipande cha kombora kichwani. Akaenda kufungwa bandeji, akaambiwa abaki, akarudi kazini. Siku mbili akafanya kazi hivyo, karibu bila chakula, anatoka kwenye tope usiku kutafuta watu, anarudi, anafunga, anatoka.

Alfajiri ya Agosti 2 kombora likaingia kwenye kituo chenyewe. Waliokuwa ndani karibu wote wakauawa au wakajeruhiwa. Yeye tumbo likafumuliwa. Akajivuta akatambaa mwenyewe kwenda nje kutafuta msaada. Wakampeleka Brandhoek, kwenye kituo namba 32, na hapa msikilize vizuri: hicho kilikuwa kituo maalumu cha majeraha ya tumbo, kimesogezwa mbele makusudi. Yani alipelekwa mahali sahihi kabisa kuliko pote. Akapasuliwa, vipande vikatolewa. Akazinduka, akaongea, akamtumia mchumba wake barua, nesi ndo akaandika. Agosti 4 mchana akafa.

Sasa kwa nini?

Nikupe kisa. 1991 tuliletewa kijana wa miaka kama kumi na tisa kutoka kijiji kimoja njia ya Urambo. Dume la ng'ombe lilimchoma pembe chini kidogo ya kitovu, utumbo ukatoka nje. Ndugu zake walifanya jambo la akili ambalo mpaka leo nawafundisha vijana: hawakuurudisha ndani. Waliufunika na kitambaa kilicholowekwa maji ya chumvi, wakafunika juu yake bakuli la plastiki, lile la kunawia, wakalifunga na khanga mbili kuzunguka kiuno. Wakamweka kwenye baiskeli, halafu treni ya mizigo. Lakini toka achomwe mpaka anafika kwetu ilikuwa saa ishirini na nane. Nilivyoweka mkono kwenye tumbo lake upande ambao haujaumia lilikuwa gumu kama mlango. Macho yameingia ndani, pua imechongoka, mapigo huyahesabu yanakukimbia. Anaongea vizuri kabisa, ananiuliza kama yule ng'ombe wamempata.

Tukamfungua. Utumbo mwembamba umetoboka sehemu tatu, na kilichokuwa ndani ya utumbo kimemwagika tumboni kote tangu jana yake. Ile harufu ukishaisikia mara moja huisahau. Tukashona, tukaosha kwa lita na lita za maji ya chumvi, jenereta ikazimika katikati kwa sababu dizeli ilikuwa imepelekwa kwingine (sisemi wapi), tukamalizia kwa tochi. Siku mbili za kwanza alikuwa na nafuu. Siku ya nne akafa.

Tulikuwa na dripu. Tulikuwa na penisilini, jentamaisini na flajili. Tulikuwa na damu chupa mbili, moja ya kaka yake. Na bado.

Chavasse hakuwa na hizo dawa wala hiyo damu ya chupa. Penisilini Fleming aliigundua 1928, na huyohuyo Fleming mwaka 1917 alikuwa daktari wa jeshi hukohuko Ufaransa anachunguza usaha wa vidonda, anaona jinsi dawa za kuoshea zinavyoshindwa kufika kwenye kona za jeraha. Damu ya kuhifadhi kwenye chupa kwa barafu ilianza kutumika vitani Novemba 1917, kapteni mmoja daktari wa jeshi la Marekani anaitwa Oswald Robertson ndo aliyeileta, kwenye vita ya Cambrai. Miezi mitatu baada ya Chavasse kuzikwa. Kabla ya hapo damu ilitolewa mtu kwa mtu papo kwa papo, wachache mno waliipata.

Na ujue huo upasuaji wenyewe wa tumbo vitani ulikuwa mchanga. Vita ya Makaburu kule Afrika Kusini walijifunza kwamba mwenye risasi tumboni ukimpasua anakufa haraka, ukimwacha pengine anapona, wakaja na imani hiyo Ufaransa 1914. Lakini kipande cha kombora sio risasi safi ya kwenye majani makavu. Kinaingia na tope, kitambaa cha sare na samadi ya mashamba ya Flanders huko Ubelgiji, kinachana utumbo kama kopo la bati. Mwaka 1915 ndo wakabadilika, wakaanza kupasua, na wakagundua kinachoamua ni saa. Ukimpata ndani ya saa sita hivi una nafasi, zaidi ya hapo nafasi inayeyuka. Hata kwa waliopasuliwa vizuri, karibu nusu au zaidi walikufa. Kwa hiyo vituo kama kile cha Brandhoek vikasogezwa mbele kuokoa saa, mpaka vikawa vinapigwa na mizinga, Agosti hiyohiyo nesi Nellie Spindler aliuawa na kombora kituo cha jirani palepale.

Sasa weka hesabu yote pamoja. Mtu ana jeraha la kichwa la siku mbili. Hajala. Hajalala. Amelowana kwenye baridi. Kapoteza damu. Halafu anapata jeraha la tumbo. Mtu wa namna hiyo akiingia thieta yako leo na dawa zote utakuwa na wasiwasi. Mi nadhani kile kichwa na zile siku mbili vilimmaliza kama tumbo lilivyommaliza, mwili ulikuwa hauna akiba tena ya kupigania.

Linganisha na paja. Nilikwambia uliweke jina la Robert Jones. Jones alirithi kwa mume wa shangazi yake, Hugh Owen Thomas, lile banzi la chuma ambalo nyie mnaliita Thomas mpaka leo, mnalivuta nalo mguu uliovunjika paja. Mwanzo wa vita mtu akivunjika paja kwa risasi walikuwa wanakufa karibu 80 kati ya 100, kwa sababu mfupa unacheza njiani, damu inamwagika ndani, maumivu yanamshusha presha. Jones akapigania banzi lifungwe hukohuko mbele kabla mgonjwa hajasogezwa. Ilipofika 1917 waliokuwa wanakufa wameshuka chini ya 20 kati ya 100. Fimbo ya chuma na bandeji tu! Ndo maana nasema ngazi ya kwanza sio kazi ya mjinga, mwambie mwenzako. Paja linaponea mahali linapofungwa mara ya kwanza. Tumbo lilikuwa halijapata banzi lake.

Nije kwako sasa, wewe wa shujaa. Nakubali, ni shujaa, na watu watatu tu duniani wamepata VC mara mbili, wawili kati yao ni madaktari, mwingine akiitwa Arthur Martin-Leake. Lakini mi kama ningekuwa mkubwa wake wa kazi, Julai 31 jioni ningemfunga kwenye machela kwa nguvu nimpeleke nyuma. Mtu aliyepigwa kichwani kiasi kile ni mgonjwa, sio daktari. Uamuzi wake hauaminiki tena, mikono yake haiaminiki, na akianguka unapoteza daktari, na wanaombeba ni walewale wabeba machela aliokuwa anawahitaji. Nimeshamtoa thieta daktari mwenye malaria plasi tatu aliyegoma kutoka, alininunia mwezi mzima. Mkiwa kazini msije mkanitajia Chavasse kama sababu ya kupasua mtu huku mnatetemeka homa.

Ila najua kwa nini hakutoka. Mwezi mmoja kabla, Julai 4, mdogo wake wa mwisho, Aidan, alipotea vitani eneo hilohilo la Ypres, hakuonekana tena. Batalioni yake yote ya mwanzo karibu imeisha. Na mbadala wake hakuwepo pale handakini, akitoka yeye majeruhi wanabaki na wabeba machela. Ukiwa peke yako kituoni, foleni iko mlangoni, hamna uamuzi safi. Wewe utakuja kuujua usiku mmoja kwenye kituo cha afya fulani huko Uvinza au Kakonko, homa yako mwenyewe, na mama mjamzito anavuja damu mlangoni.

Pacha wake alikuwepo vitani hukohuko kama kasisi wa jeshi, akaishi miaka mingi, akawa askofu kama baba yao. Kaburi la Noel liko palepale Brandhoek, jiwe lake limechongwa alama mbili za VC. Umeuliza pia kwenye ile meseji ya pili kama angepigwa leo angepona. Akifika ndani ya saa moja mbili, kwenye thieta yenye taa, damu ya kutosha, dawa ya ganzi ya maana na mtu wa kumwangalia usiku kucha, nadhani nafasi ni nzuri. Mwaka 2009 tulipata mwingine wa pembe ya ng'ombe, jeraha karibu lilelile, kaletwa na bodaboda ndani ya saa tatu. Yule anauza maembe stendi, nikipita ananipa mawili bure na kuinua shati kuwaonyesha wateja kovu, nimemkataza hasikii.

Kuhusu kufunga banzi la Thomas, umesema chuoni mnalo moja na limepinda. Ninalo la zamani hapa nyumbani, zima kabisa, pete yake nimeishonea ngozi upya. Niandikie jina la mtu wa kulipokea stesheni ya Kigoma nilitume na treni, ila mkimaliza mitihani linirudie.